Dokta wa Saa Nane

Apu yangu ilikuwa ya Kiswahili kuanzia kitufe cha kwanza hadi cha mwisho. Wiki nzima nilihangaika na maneno: miadi, uhimilishaji (kumpandisha ng'ombe kwa mbegu, bila dume), dalili za joto. Saa tu ndiyo sikuihangaikia. Saa ni namba, nikajiambia, na namba haina lugha.

Kazi ya apu ilikuwa kumwita daktari wa mifugo. Huku chini ya Mlima Meru, pande za Usa River, mfugaji akiona ng'ombe wake anapanda wenzake, analia hovyo na kutoa ute, anampigia dokta. Dokta yuko juu ya pikipiki, hasikii. Mfugaji anabipu, dokta anarudisha simu, mfugaji naye ameshaenda kukata majani. Na joto la ng'ombe, yaani ule muda anaotaka kupandwa, halisubiri mtu. Likikupita, unangoja siku 21 huku unamlisha bure. Ndiyo maana wafugaji wana kanuni yao: akionekana asubuhi apandishwe jioni, akionekana jioni apandishwe kesho asubuhi.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwenye ng'ombe wa kisasa, mmoja tu, anayetunzwa kuliko mjukuu. Mjukuu mwenyewe, wa darasa la tano, ndiye aliyeshika simu. Ng'ombe alionyesha joto saa kumi na moja jioni. Bibi akasema, kwa kufuata kanuni, "Mwandikie aje kesho saa mbili." Mtoto akabonyeza 02:00.

Mtoto hana kosa. Saa mbili ni mbili. Kompyuta ndiyo iliyoelewa usiku wa manane. Halafu ujuzi wangu ukamalizia: upande wa dokta, na upande wa dokta tu, nilikuwa nimeweka kikokotoo cha kugeuza saa za kompyuta kuwa za Kiswahili. Dokta akapata ujumbe ulionyooka kabisa: "Miadi yako ni saa 8:00 usiku."

Akanipigia. "Kijana, bibi wako anataka nimpandishie ng'ombe saa nane usiku?"

"Labda ni dharura, dokta."

"Ngoja nimuulize."

"Usimpigie! Apu imetengenezwa ili watu wasipigiane."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema basi na mimi nitakwenda naye.

Tukafika kwa pikipiki, baridi imetuingia hadi kwenye magego, mtungi wa naitrojeni unaotunza mbegu nimeupakata mapajani kama mtoto mchanga. Tukabisha hodi kwa sauti ya chini tusiamshe majirani. Kimya. Dokta akasema huenda bibi yuko zizini, tukazunguka nyuma. Hayupo. Akavaa glovu yake ile ya plastiki inayofika begani, amcheki ng'ombe kwanza kama bado yuko kwenye joto. Mimi akaniachia mtungi na tochi, akaniambia nisiguse kifuniko.

Niligusa kifuniko.

Naitrojeni ya maji ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukifungua mtungi, mvuke mweupe unapanda na kutambaa chini kama moshi wa ubani. Kwenye mwanga wa tochi ilipendeza sana. Ilipendeza mpaka mbwa akabweka, dirisha likafunguka, na bibi akaona zizini kwake wanaume wawili, mmoja ana mkono unaong'aa hadi begani uko nyuma ya ng'ombe, mwingine ameinamia chungu kinachofuka.

"Mweziii!" akaanza, maana neno lilimkwama katikati. Akalitengeneza: "Mwizi!" Kisha akatazama vizuri zaidi. "Wachawiii!"

Majirani wa huku wakisikia mwizi huwa wanatafuta viatu kwanza. Kwa mchawi walikuja peku. Panga nilihesabu nne, na fagio moja ambayo mpaka leo sijui ilikuja kufanya nini. Dokta akainua mikono yote miwili, ule wa plastiki ukazidi kutisha. Mimi ulimi ulikufa ganzi, na kitu pekee kilichotoka mdomoni ni kile nilichofundishwa nikiwa na miaka mitatu:

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba," akajibu. Mazoea hayo. Panga zikasimama hewani, kwa sababu mchawi anayeamkia wakubwa hakuna aliyewahi kufundishwa namna ya kumpiga. Katika kimya hicho mjukuu akatokeza na simu mkononi. "Bibi, ni wale wa kwenye apu."

"Wale niliwaambia saa mbili!"

"Ndiyo hii, saa mbili," nikasema, nikamwonyesha simu yangu. Wazee watatu wakaisoma kwa zamu: 02:00. Mmoja akaniuliza kwa upole kama nimesoma mpaka darasa la ngapi.

Dokta alisema bado ni mapema kupandisha. Tukakalishwa jikoni, tukanyweshwa chai ya maziwa mpaka jua likatoka. Saa mbili asubuhi kazi ikafanyika, dakika chache tu, majirani wote wakishuhudia. Hapohapo simu ya bibi ikalia, apu yangu inamwomba ampe dokta nyota, kuanzia 1 mpaka 5. Bibi akamnong'oneza mjukuu, mjukuu akabonyeza.

"Nimempa moja," bibi akaniambia, ameridhika kabisa. "Amekesha, amevumilia. Huyu ni namba moja."

Dokta, aliyekuwa anavua glovu, alinitazama mimi.