Matokeo ya mnada kwa WhatsApp: nini kirekodiwe, nini kiandikwe

AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) ya Tandahimba au Nachingwea inayotaka kuwapelekea wanachama matokeo ya mnada wa korosho kwa WhatsApp ina njia mbili: maandishi, au sauti ya katibu iliyorekodiwa na kutumwa na programu kupitia API, yaani njia ambayo programu huitumia kutuma ujumbe wa WhatsApp. Wanaotaka kila kitu kiwe sauti wana hoja nzito, ila wanaipeleka mbali mno.

Uzito wa hoja yao uko kwenye makato. Mkulima aliyekubali bei mnadani kisha akaona benki imeingia pungufu anataka mtu anayemfahamu amweleze kato mojamoja, polepole: ushuru, usafirishaji, ghala. Maandishi marefu hayafanyi kazi hiyo, hasa kwa wazee wasiosoma kwa wepesi. Mashine ya kusoma maandishi nayo isikabidhiwe kazi hii. Ikikosea kutamka namba moja, imani ya wanachama imeondoka.

Kuandaa faili si kugumu, ila kuna masharti. Liwe OGG lenye kodeki (mfumo wa kubana sauti) ya Opus, chaneli moja. Kulibadilisha jina faili la MP3 likaitwa .ogg hakusaidii kitu, ligeuzwe kweli, kwa mfano kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i makato.mp3 -c:a libopus -b:a 24k -ac 1 makato.ogg

Kwa kiwango hicho cha kilobiti 24 kwa sekunde, dakika moja ni kama KB 180. API hupokea sauti hadi MB 16, lakini faili likizidi KB 512 mpokeaji huona alama ya kupakua badala ya kucheza, kwa hiyo katibu aishie dakika mbili. Faili lipakiwe mara moja tu; kitambulisho chake hudumu siku 30 na kinatosha kwa wanachama wote. Katika ombi la kutuma, aina ni audio na ndani yake huwekwa "voice": true.

Kikwazo chenyewe ni saa 24. Zikipita tangu mwanachama aandike mara ya mwisho, kinachoruhusiwa ni kiolezo tu, yaani ujumbe ulioandaliwa na kuidhinishwa mapema na WhatsApp, na kiolezo hakibebi sauti. Hapa ndipo wengi hudanganyika: API hupokea ombi na kutoa namba ya ujumbe kana kwamba mambo yamekwenda sawa, halafu kosa 131047 linakuja baadaye kwenye taarifa za hali ya ujumbe. Asiyezisoma ataamini wanachama wote wamepata. Telegram nayo hairuhusu boti (programu inayotuma ujumbe yenyewe) kumwanza mtu ambaye hajafungua mazungumzo nayo.

Kwa hiyo bei iandikwe. Kiolezo kibebe bei ya juu, bei ya chini, ghala na tarehe, na chini yake kitufe cha "Sikiliza makato". Mwanachama akikibonyeza, dirisha la saa 24 linafunguka na sauti inamfuata papo hapo.

Kuna sababu nyingine ya kutoiacha bei kwenye sauti peke yake. Sauti husambazwa kwenye magrupu bila tarehe, na mkulima wa Liwale anaweza kupanga mambo yake kwa bei ya mnada wa wiki iliyopita. Katibu aanze kurekodi kwa kutaja tarehe, namba ya mnada na chama kikuu cha ushirika, kabla hata ya salamu.

Wenye simu za kitochi hawatasikia chochote kati ya haya. Hao wapelekewe SMS moja ya herufi 160, na makato yaelezwe ghalani.