Soriasisi sio krimu tu
Mwandishi, kwenye makala yako umesema soriasisi, huu ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, inatibiwa kwa krimu, basi, hapana jamani. Krimu za steroidi (dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi) zinasaidia mabaka yakiwa machache ila ikishasambaa mwilini kuna tiba ya mwanga na kuna vidonge vya methotreksati (dawa ya kutuliza kinga ya mwili), na hapa naomba watu wanisikie vizuri, vinamezwa mara moja kwa WIKI sio kila siku, ukimeza kila siku vinaweza kukuua, halafu lazima upimwe damu na ini, pombe weka mbali, na mjamzito haruhusiwi kabisa. Alafu hizi predinisoloni, vidonge vya steroidi, watu wanajinunulia tu duka la dawa, ngozi inatulia kidogo, ukiacha ghafla inalipuka vibaya kuliko mwanzo. Nendeni kwa madaktari wa ngozi, pale hospitali ya KCMC Moshi wapo. Na muache kuwatenga wagonjwa, hii haiambukizi!!