Kofia Nne za Rimu na Tupa Moja

Kwanza niziombe radhi zile kofia. Hazikuwa na kosa lolote.

Gari ni Mazda MX-5 ya 1991, viti viwili, taa za kuchomoza, na rimu ambazo si zake za kiwandani. Aliyezifunga kabla yangu aliondoka na vifuniko vya katikati, yakabaki matundu manne yanayoonyesha ncha zenye kutu za habu, yaani kile kitovu kinachobeba gurudumu. Ni kama mtu aliyepiga suti kali halafu akacheka, kumbe ana pengo. Nikachukua rula, nikapima tundu kwa mbele: milimita 60. Nikaagiza kofia za milimita 60.

Zilipofika nikazigeuzageuza. Kofia nilizozoea zina vijino vya plastiki kwa nyuma. Unasukuma na kiganja, klik, kazi imekwisha. Hizi zilikuwa na kiwiliwili cha milimita 59 na nusu, na kwenye kitako ukingo mpana wa milimita 66, kama pama. Kitu cha 66 kinatakiwa kipite tundu la 60. Mwenye akili zake hapo hujiuliza. Mimi nilikwenda kutafuta nyundo.

Nikaweka kitambaa, juu yake kipande cha ubao, nikagonga. Plastiki ngumu ya namna ile haikubali kupinda, inarudisha: kofia iliruka ikanipata kwenye paji la uso. Nikapaka maji ya sabuni. Sabuni hupunguza msuguano, haipunguzi upana. Nikaichovya kwenye maji ya moto. Ililainika kidogo, ikapoa, ikarudi ilivyokuwa. Milimita 6 hazitoki kwa kuoga.

Basi nikamlaumu mtengenezaji, nikaleta tupa.

Nilisaga ukingo wa kofia tatu mchana kutwa, nikamaliza kwa msasa namba 400 ili zipendeze. Ya nne iliniponea kwa sababu mkono ulikufa ganzi. Zile tatu sasa ziliingia vizuri mno: ya kwanza ilipita tundu moja kwa moja ikatokomea kwenye giza la habu, nikaivua kwa koleo. Nikaona dawa ni silikoni. Tyubu iliandikwa iachwe saa 24. Niliipa nusu saa, tena juu ya rimu ambayo sikuifuta nta ya kung'arishia, na juu ya nta silikoni haishiki hata ukiisubiri mwezi.

Kona ya kwanza, kofia ya mbele kushoto ilitoka, ikalipita gari langu, ikaingia mtaroni. Lile gari halijawahi kupitwa kwa dharau kiasi kile.

Ya mbele kulia ilichagua kuanguka kwa ndani. Nikianza kuondoka nasikia ko, ko, ko. Nikiongeza mwendo, kokoko. Nikizidisha, kimya. Nikatangaza mwenyewe kwamba beringi imekufa. Beringi iliyochoka huvuma, na mvumo huongezeka kadiri unavyokimbia. Hainyamazi kwa kasi. Kinachonyamaza ni kitu kilicho huru ndani ya gurudumu, kwa kuwa likizunguka kwa nguvu hukibandika ukutani kisiweze kudondoka. Hilo nalijua leo. Siku ile nilikwenda kwa fundi nikiwa nimeshabeba beringi mpya.

Fundi akainua gari, akafungua nati nne, akavuta gurudumu. Kofia ikadondoka kwa nyuma, imevaa ndevu za silikoni. Akaiokota, akaitazama ule mzunguko niliousaga kwa mapenzi yote.

"Bosi, hii nani kaila?"

Sikujibu. Akalaza gurudumu kifudifudi, akanionyesha mgongo wake. Kwa nyuma tundu lilikuwa pana, milimita 73.1, halafu linapungua kwa kidaraja hadi zile 60 nilizopima kwa mbele. Akachukua kofia ya nne pale kwenye kiti, ile iliyonusurika, akaichomeka kutokea nyuma, akasukuma kwa dole gumba. Klik. Ukingo ukakaa kwenye kidaraja kana kwamba walizaliwa pamoja.

"Hizi huingilia mlango wa nyuma," akasema. "Ule ukingo ndio unaozuia isirukie barabarani."

Ule ukingo. Nilikuwa nao kwenye suruali bado, umekuwa unga.

Kofia huuzwa nne nne, kwa hiyo sasa ninazo tano nzima na mbili zenye ndevu. Safari hii nikaamua kufanya kwa utaratibu. Nati nikazilegeza robo mzunguko gari likiwa bado chini, kwa soketi ya 21, maana gurudumu likiwa hewani litazunguka na spana yako. Kabari kwenye tairi, jeki, stendi. Gurudumu moja liling'ang'ania habu kwa kutu. Nikaacha nati zimeshika mizunguko miwili, nikalipiga teke ubavuni, likaachia bila kuniangukia. Nikabandua ringi ya plastiki inayoziba nafasi kati ya tundu la 73.1 na habu ya 54.1, maana bila kuitoa kofia haipiti. Nikasugua kidaraja kwa brashi, nikachomeka kofia, nikabandika donge la plastisini nyuma yake, nikarudisha gurudumu kwa muda ili nione kama ncha ya habu inaigusa. Donge lilibaki na unene wa milimita 4. Salama. Nati kwa mkono, kwa mshazari, kisha gari chini na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hadi Nm 110.

Gurudumu la kwanza lilinichukua saa nzima, la mwisho dakika kumi na tano. Nikashusha jeki, nikarudi hatua tano kutazama. Nembo nne zinang'aa, pengo hakuna, na kwa mara ya kwanza lile gari lilionekana kama lina mwenyewe.

Nikainama kukusanya soketi. Kando ya stendi, juu ya kitambaa, palikuwa na ringi moja ya plastiki.

Gurudumu lisilo na ringi linaning'inia kwenye nati tu, na likikaa upande hata kidogo usukani utatetemeka. Lazima irudi. Nikazunguka gari mara mbili nikichungulia ni gurudumu gani lililokosa, lakini pa kuchungulia ni mahali pamoja tu, katikati pale, na pote panne nilikuwa nimeshapaziba kwa kofia.

Nikaichukua tena soketi ya 21, nikaanza na la mbele kushoto.

Lilikuwa la nyuma kulia.