Kiwango cha Uraiani

Jamani, nauliza tu: mtu huru akiumwa, kosa lake nini? Hujaulizwa unaumwa wapi, umeshaulizwa unalipa taslimu au una bima. Ukisema bima, karani anaipokea kadi yako, anaigeuza mbele na nyuma kama noti anayoitilia shaka, halafu anakurudishia: "Hii haigharimii kipimo hicho." Bima yangu mimi inagharimia magonjwa yote isipokuwa ninayougua.

Mwenzangu aliye jela je? Umoja wa Mataifa ulishamsemea tangu 2015. Kanuni za Nelson Mandela, kanuni ya 24: matibabu ya mfungwa ni jukumu la serikali, apewe bure, tena kwa kiwango kile kile kinachopatikana uraiani. Simwonei wivu, naapa. Mtu umemfungia mlango, utamwambiaje akajitafutie daktari? Mandela mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa kifungoni mwaka 1988. Na mlundikano ule wa kulala ubavu kwa ubavu, mmoja akikohoa mmekohoa wote.

Kinachonikera ni hayo maneno ya mwisho. Kiwango cha uraiani! Nani kawaambia uraiani kuna kiwango? Huku daktari anakuandikia dawa tatu, unafika dirishani unapewa panadoli na pole: "Hizo nyingine zimeisha, kanunue nje." Haya, mfungwa naye mpeni kiwango hicho. Mwambieni akanunue nje muone kama atarudi na chenji!

Wapo waliopiga hesabu hizi kabla yangu. Mwaka 2011, North Carolina kule Marekani, mzee wa miaka 59 aliingia benki, akampa keshia kikaratasi kwamba anaiba dola 1. Moja tu. Akaketi zake kuwasubiri polisi. Hakuficha kitu: alitaka akatibiwe gerezani. Fikiria, mtu na akili zake timamu anaona pingu ndiyo kadi ya bima iliyo karibu.

Halafu sasa, huko huko Marekani majimbo mengi humtoza mfungwa ada ya dola kadhaa akiomba kumwona daktari, na ujira wake wa kazi za jela unahesabiwa kwa senti kwa saa. Masikini mzee wa watu! Dola 1? Si angeiba na ya kumwona daktari kabisa.