Nane na Saba za Kopa: Hesabu Chipu za Mwenzako Kwanza

Kwenye meza nyingi za Texas Hold'em, poka ambayo kila mtu hupewa karata mbili za siri na tano za wote hufunuliwa mezani, utamkuta mchezaji ambaye akipewa karata mbili zinazofuatana za aina moja, tuseme nane na saba za kopa, hulipa dau lolote apate kuona karata za mezani. Kwa maoni yangu karata hizi hulipiwa ghali mno. Bei yake halali inatokana na chipu alizobakiza mpinzani na kiti ulichokalia.

Zikifunuliwa karata tatu za kwanza, flashi kamili (karata tano za aina moja) huja chini ya mara 1 katika 100. Jumlisha flashi, streti (karata tano zinazofuatana), tatu za namba moja na jozi mbili zinazotumia karata zako zote: kama mara 1 katika 18. Kinachokuja zaidi ni kazi iliyofika nusu. Kopa mbili mezani, unasubiri ya tatu, ni asilimia 11 hivi. Karata nne zinazofuatana, zilizo wazi pande zote mbili, ni kama asilimia 10. Kwingine huna kitu, au una jozi dhaifu inayokuvuta uendelee kulipa, na hiyo ndiyo hula pesa za wengi.

Tuseme blaindi, yaani madau ya lazima ya watu wawili, ni 100 na 200, mtu amefungua kwa 600, wengine wametupa, nawe uko kiti cha mgawaji, anayeamua mwisho. Mwenye chipu chache kati yenu awe na angalau mara 20 ya dau hilo, yaani 12,000. Akiwa na 4,000, tupa: hata ukipata, hana cha kukulipa kufidia mara zote ulizokosa. Ukiwa kwenye blaindi ndogo tupa pia, maana utaamua kwanza kila mzunguko huku mwenzako akikusoma.

Umelipa, na mezani kuna kopa mbili. Zimekusanyika 1,500, mpinzani anaweka 1,000. Kopa tisa zimebaki kati ya karata 47 usizoziona, hivyo karata ya nne itakupa flashi kwa asilimia 19. Kwa 1,000 yako unahitaji kushinda jumla ya 4,200 hivi. Zilizopo ni 2,500. Zinazopungua, kama 1,700, lazima zitoke kwake baada ya kopa kuanguka. Kama ni mtu anayetupa mara tu akiona kopa tatu, usihesabu chipu zake. Kwa mtu wa namna hiyo afadhali upandishe mpaka 3,000: akitupa umeshachukua, akifuata bado una nafasi ya asilimia 35 kufikia karata ya tano.

Lakini si kila flashi ni ya kufia. Yako inaanzia nane. Watu wanne wakiwa bado mchezoni, mwenye ree au mfalme wa kopa hayuko mbali. Kopa ya nne ikitua mezani, acha kuongeza dau. Streti nayo ina mkia wake: mezani kukiwa na tisa, kumi na ghulamu, nane na saba zako ni streti ya chini kabisa, inayopigwa na malkia na nane, na pia na mfalme na malkia.

Watu hupenda kumtaja Chris Moneymaker, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa poka 2003 kwa tano na nne. Hazikuwa hata za aina moja, na zilimpa jozi mbili mbele ya Sam Farha mwenye jozi ya ghulamu. Mkono mmoja wa fainali usikupangie bei.

Tena mifuatano haifanani. Kuanzia tano-nne hadi ghulamu-kumi, kila mmoja huweza kuunda streti nne. Tatu-mbili huunda mbili tu, kama ilivyo kwa mfalme-malkia.

Kwenye mashindano, ukibakiwa na blaindi kubwa 12 au chini, nane-saba ni karata za kusukuma chipu zote kutoka viti vya nyuma (vinavyoamua mwishoni) kabla hajaingia mtu. Ukiitikiwa na ree-mfalme za aina tofauti, una kama asilimia 41. Mtu mwingine akitangulia kusukuma, tupa.