Ndugu Ndiye Alipe Bei Kamili

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye semina ya wanawake wajasiriamali hapa Moshi. Mtoa mada akatuambia mteja ni mfalme, hata akikutukana wewe tabasamu, kwa sababu akiondoka anaondoka na riziki yako. Akina mama waliokaa mbele yangu wakainama kuandika kwenye madaftari. Niliumia sana. Wale wanawake nawajua: mmoja anauza chakula karibu na stendi, mwingine ana saluni Majengo. Hakuna kati yao anayehitaji kufundishwa kuvumilia. Wanahitaji mtu wa kuwaambia kwamba yupo mteja wa kumwacha aende zake.

Mimi ni fundi cherehani, na nasema wazi: wateja wanaotumaliza, kwa huku kwetu, mara nyingi si wageni. Mgeni anauliza bei, analipa, anachukua nguo yake. Anayetuumiza ni mtu wa nyumbani: shangazi, mwenzako wa jumuiya, mwanachama mwenzako wa kikoba, binamu wa mume. Desemba ikikaribia, watu wanapanda kutoka Dar kwa mabasi na kwa ile treni iliyorudi mwaka 2019, kila ukoo una shughuli yake. Kipaimara, harusi, ubatizo. Kila mmoja anakuja na kitenge na maneno yaleyale: "Wewe si wa kwetu? Nifanyie bei ya ndugu." Unakesha, anavaa kesho yake, anapendeza, anapiga picha. Hela unaambiwa usubiri Januari. Januari ikifika, kuna ada za watoto.

Nani anafidia hapo? Duka la uzi na zipu halinipi bei ya ndugu. Mwenye fremu niliyopanga hanipi. LUKU ya umeme hainipi. Hata kodi ya makadirio inaangalia mauzo, haiulizi umebaki na faida kiasi gani. Hela ikikwama kwa shangazi na mwenye fremu anagonga mlango, fundi anakimbilia mikopo kausha damu, ile ya riba kubwa. Maana yake amemkopesha shangazi kwa fedha za kukopa, na riba anailipa yeye peke yake! Tena fundi aliyekesha ndiye asubuhi anapitisha mkasi pasipotakiwa, kwenye kitambaa cha mteja aliyelipa yote mapema. Kwa hiyo mwaminifu ndiye anayebebeshwa mzigo wa asiyelipa. Sioni undugu hapo.

Na kuna maumivu ambayo hayaingii kwenye daftari la madeni. Simu ikiita moyo unapiga. Jumuiyani unachagua pa kukaa ili msigongane macho na anayekudai kazi, au na unayemdai hela. Mwenye deni naye anaacha kukusalimia. Nguo moja ya bei ya ndugu imekula undugu wenyewe.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimeshaambiwa usoni: "Ukiwafukuza ndugu, nani atakuzika?" Ni swali zito na silidharau. Nitaenda kwenye misiba yao, nitachanga, nitalala huko, nitapika na kuosha masufuria. Undugu wangu nautoa kwa mikono miwili, pale unapostahili kutolewa. Kwenye fremu nina bei, na anayenipenda kweli ndiye wa kwanza kutaka fremu hiyo isifungwe.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba bila kukopesha kidogo biashara nyingi za mtaani zisingekuwepo. Lakini asiye na hela mkononi si lazima akutese. Nina mteja muuza ndizi pale Mbuyuni ambaye hudunduliza. Siku ya soko zuri anapita, anaacha alichopata, naandika mbele yake; ikifika nusu nakata kitambaa. Hajawahi kuniharakisha. Umeme ukikatika ananiambia, "Mwanangu, pumzika, nguo haiozi." Hana kipato cha kumzidi shangazi yeyote wa Dar, na anamalizia hadi shilingi ya mwisho. Mtu kama huyo nikimwona mlangoni nafurahi. Hao ndio wa kuwashikilia, hata kama mtoa mada hatawaita wafalme.

Kamati za harusi zinazoagiza sare bila kuteua mtu mmoja wa kuongea na fundi, sizipokei tena. Na anayewatukana wasichana wanaofanya kazi kwangu anarudishiwa kitambaa na advansi yake siku hiyohiyo.

Mwaka huu nguo za Desemba nafunga kupokea katikati ya Novemba. Advansi ni nusu, na bei iliyo ubaoni ni moja kwa wa Pasua, wa Machame na wa Dar. Mama yangu mdogo amenuna na kitenge chake bado anacho nyumbani. Akileta nusu, nitamshonea vizuri kama ninavyomshonea mtu yeyote.