Waya Uliomchongea Shemeji

Muuzaji wa Kariakoo aliponitajia bei ya waya wa kutoka kwenye deki kwenda kwenye ampli, nilicheka mpaka wateja wengine wakageuka. Kamba ya mita mbili, hela ya gunia la mkaa! Nikanunua pini 4 za RCA, vile vichwa vya waya vya kuchomeka nyuma ya deki na ampli, na risasi ya kuchomelea, basi. Waya nilikuwa nao nyumbani, ule wa njia mbili, mwekundu na mweusi, uliobaki tulipofunga spika.

Kazi niliifanya sebuleni kwa mbwembwe zote. Mwekundu kwenye ncha ya katikati, mweusi kwenye ukingo wa nje, risasi ikashika ikang'aa. Pini zote 4 zilipokamilika ndipo nikaviona vifuniko vyake bado viko mezani. Kifuniko huvishwa kwenye waya kabla hujachomelea. Nikafumua, nikaanza upya, huku napuliza kidole gumba.

Nikawasha. "Uuuuuuuu."

"Baba Zuhura!" mke wangu akaita kutoka uani. "Umebandika chai?"

Nikamweleza kitaalamu kwamba ule ni umeme wa ukutani, hezi 50, na kwamba waya wa sauti wenyewe huvikwa wavu wa shaba wa kuuzuia usiingie. Wangu ulikuwa uchi. Akasema sawa. Nikapandisha taarabu, mvumo ukafunikwa, maisha yakaendelea.

Jumapili akaja mweka hazina wa kikoba cha mke wangu kumdai shemeji, ambaye alikuwa amejibanza kwenye kochi pembeni ya ampli, karibu kabisa na kazi ya mikono yangu. Kwa heshima ya mgeni nilikuwa nimesimamisha muziki.

"Mwanangu, mbona nakupigia hupokei?"

"Shikamoo mama. Simu imezima tangu juzi, haina chaji kabisa."

Mama hakujibu. Akatoa simu kwenye pochi, akabonyeza.

Spika zote mbili zikapiga: "Tititi-tititi-tititi, trrrrrrrr!"

Sasa mimi na ujuaji wangu, badala ya kunyamaza, nikaanza somo. Nikasema kitochi cha 2G hurusha mawimbi kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na waya usio na wavu huyadaka hata kabla simu haijalia. "Kwa hiyo hapa," nikamalizia, "lazima kuna simu iliyo hewani."

Shemeji alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Mama akakata, akapiga tena. "Tititi-tititi!" Kwenye mfuko wa suruali ya shemeji kukaonekana kamwanga.

Deni lililipwa jioni ileile.

Wiki iliyofuata nikarudi Kariakoo kununua waya wenye wavu. Nilipoinama nyuma ya ampli kuubadilisha, mke wangu akaja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Zuhura, huo wa zamani usiuguse."

Siku hizi simu yangu naichajia jikoni.